Viti Kumi na Viwili, Watu Kumi na Wanne

Hezekiah Nderitu ndiye aliyefika wa kwanza, na hilo ndilo lililomvuruga kichwa siku nzima. Saa moja kasorobo asubuhi, mlima ungali umejifunika na nyasi za Nanyuki zimelowa chapachapa, yeye na Kagure, mjane wa marehemu mdogo wake, walikuwa wamekwisha kushuka mbele ya lango la kiwanja kidogo cha ndege. Walikuwa na tiketi tatu zilizochapishwa kwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta cha Mukurweini, mkungu wa ndizi, debe la asali, na blanketi jipya la mama wa msichana waliyekwenda kumposea kijana wao. Ndege yenyewe, ya kwenda Kisumu, ilikuwa ya saa tatu. Mtu akifika wa kwanza kwa kinyozi hunyolewa wa kwanza. Hivyo ndivyo Hezekiah alivyoijua dunia kwa miaka sabini na mmoja.

Lakini hawakuingia. Mwenzao wa tatu, Ngendo, dada yake Hezekiah, alikuwa bado yuko njiani kutoka Sagana, ambako ana duka la chakula cha mifugo. Na kwa watu wa Hezekiah, wanaokwenda kwenye ruracio, yaani mazungumzo ya mahari, husimama nje ya lango la wakwe mpaka wa mwisho wao afike, ndipo waingie kama kitu kimoja.

"Tungoje," alisema. "Hatuingii vipande vipande."

"Lakini hapa si kwa wakwe, Baba Wangui," Kagure alisema. "Hapa ni kwa ndege."

"Lango ni lango."

Basi wakakaa juu ya ukuta mfupi, wakamimina chai kutoka kwa themosi. Watu wakaanza kufika, mmoja mmoja na wawili wawili, wakiburuta masanduku yenye magurudumu. Hezekiah aliwaamkia wote. Mmoja alipokwama na mzigo, alimshikia lango. Alihesabu watu kumi na mmoja wakipita mbele yake, akafurahi moyoni kwamba ndege ina watu wa heshima.

Safari hii haikuwa ya mchezo. Muriithi, mtoto wa Kagure, anafanya kazi ya umeme Kisumu, na huko amempata Sylvia, msichana wa Vihiga. Mwezi wa nne wazee wa Mukurweini walikwenda kwa barabara. Mlima ukaporomoka mbele yao baada ya mvua, wakafika jua limetua, ndugu za baba yake Sylvia wamekwisha kutawanyika na nyama imeliwa na mbwa. Huyo baba, Mzee Kefa, ni sajini mstaafu wa polisi aliyewahi kulinda amani Othaya, huko Nyeri, miaka kumi na mmoja. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nawajua watu wa Nyeri. Sababu hazijawahi kuwaishia. Mtakuja mara ya pili, saa sita mchana, mkiwa langoni kwangu. Mara ya tatu haiko." Tangu siku hiyo Sylvia alikuwa akimlilia Muriithi kwa simu, na Muriithi akimlilia mama yake. Nyonga ya Hezekiah haikuweza tena kukaa kwenye gari kwa muda wa saa tisa, na bila Hezekiah hakuna ruracio inayosemwa vizuri katika ule mgongo wao wote wa kilima. Ndiyo maana kijana akanunua tiketi za ndege.

Ngendo alifika saa mbili na dakika kumi na tano, ameketi nyuma ya bodaboda, kilemba kimehamia upande wa sikio.

"Mwana wa mama, usinitazame hivyo," alisema kabla hajashuka. "Gari ilipasuka gurudumu Kiganjo. Ningeisukuma?"

"Umefika. Twende sasa."

Wakaingia watatu, bega kwa bega, Hezekiah katikati na fimbo yake. Ndani kulikuwa na hema kubwa jeupe, viti vya plastiki, mzani wa mizigo, na meza moja yenye bango la kampuni: Korongo Air. Nyuma ya meza alikaa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi, kadi kifuani imeandikwa Maxwel. Alizichukua zile tiketi tatu, akaitazama orodha yake, akaitazama tena, kisha akajikuna shingo.

"Mzee, hapa kuna shida kidogo. Ndege imejaa. Nafasi imebaki moja."

Hezekiah alicheka kwa adabu, kama mtu anayetaniwa na mgeni. "Sisi tuko watatu."

"Naona. Lakini kiti ni kimoja."

"Kijana, tiketi tunazo hapa. Zimelipwa mwezi uliopita. Saa yako inasema nini?"

"Mbili na dakika ishirini."

"Na karatasi inasema tusipite saa ngapi?"

"Mbili na nusu. Hamjachelewa, mzee. Si hivyo." Maxwel alishusha sauti. "Ndege iko na viti kumi na viwili. Tiketi zilizouzwa ni kumi na nne. Kawaida watu wawili watatu huwa hawatokei, sasa kampuni huuza za juu juu ili isiruke na viti tupu. Leo wametokea wote. Na nyinyi ndio mmefika wa mwisho."

"Sisi tulifika wa kwanza!"

"Kwa meza, mzee. Mmefika mezani wa mwisho."

Hezekiah alishika ukingo wa meza. Aliyasikia maneno yote, hata moja halikumpita, lakini yalikataa kukaa pamoja. Kule kwao, mtu akiuza ng'ombe mmoja kwa watu wawili, analala kituoni. Hapa mtu ameuza viti viwili ambavyo havijawahi kuumbwa, na amevaa tai.

"Ngoja nielewe," alisema. "Hivyo viti viwili vya mwisho mliuza, viko wapi?"

"Haviko."

"Viliharibika?"

"Havikuwahi kuwako, mzee."

"Sasa mlituuzia nini?"

Ngendo aliingilia. "Ati mlituuzia hewa! Mimi nikimuuzia mtu gunia ya pumba, na ndani hakuna pumba, ananivunjia duka!"

"Mama, mimi siuzi. Kompyuta ya Nairobi ndiyo inauza. Mimi huletewa orodha asubuhi, na matusi pia huletewa asubuhi." Maxwel alitoa karatasi kwenye droo, akaisukuma mbele. "Wawili watapanda ya Jumanne. Mzee, weka sahihi hapa, na huyu mama hapa. Kuna vocha kidogo kwa ajili ya usumbufu."

Jumanne. Leo ilikuwa Jumamosi. Hezekiah alitoa kalamu kwenye mfuko wa koti. Hakuwa amekubali, lakini maisha yake yote, katika chama cha kahawa na katika baraza la kanisa, karatasi ikisukumwa mbele ya mtu na kila mtu amenyamaza, hutiwa sahihi kwanza, maneno yakafuata. Ncha ya kalamu ilikuwa imegusa karatasi mkono wa mtu uliposhuka juu ya mkono wake.

"Baba, usitie sahihi hiyo."

Alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, mmoja wa wale kumi na mmoja. Ndiye aliyeshikiwa lango. "Mimi naitwa Beverlyne, karani wa korti pale Nyeri. Soma kwanza. Imeandikwa nini?"

Hezekiah aliinua karatasi mbali na macho. Herufi zilikuwa kama siafu safarini.

"Imeandikwa kwamba wewe mwenyewe umekubali kubaki, kwa hiari yako," Beverlyne alisema. "Umekubali?"

"Sijakubali hata kidogo."

"Basi kukataliwa ni jambo moja na kujitolea ni jambo lingine. Max, hebu tuambiane ukweli. Umewauliza hawa wenye viti kama kuna anayetaka kubaki?"

Maxwel aliitazama orodha yake kana kwamba jibu lilikuwa humo.

"Haujauliza. Sheria ya abiria inasema uanze hapo. Umtafute anayekubali kubaki, mpatane naye. Ukikosa, ndipo unaweza kumzuia mtu. Na ukimzuia, unamwandikia ni kwa nini, unampa chakula, unampa simu apige kwao, na yeye anachagua kati ya ndege nyingine na nauli yake irudi. Na fidia juu. Si vocha unayoamua wewe."

"Hayo yote ni kwa sababu nimekosa kiti?" Hezekiah aliuliza.

"Ni kwa sababu umezuiwa kupanda, Baba."

"Lakini mimi sitaki chakula. Nataka kwenda. Kuna posa saa sita."

"Ningekupa kiti changu, haki ya Mungu, lakini mama yangu amelazwa Kakamega."

Maxwel alisimama, akakohoa, akawageukia watu wa kwenye hema. Alisema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili, kwamba kuna wazee wana jambo la posa, na kama yuko mtu ambaye safari yake inaweza kungoja, kampuni itazungumza naye. Watu wakainama kwenye simu zao. Mzungu mmoja alimwuliza mkewe kitu, mkewe akatikisa kichwa. Kisha mwanamume mrefu mwenye kofia ya mpira akainuka polepole.

"Mimi naitwa Omondi. Daktari wa mifugo. Nitabaki." Akawatazama wale wazee. "Bibi yangu anajua nafika Jumanne. Nilikuwa nataka kumshtua. Lakini mtu akishtua bibi wa ndoa ya miaka ishirini, anaweza kushtuka yeye."

Watu walicheka. Hezekiah hakucheka, alikuwa anahesabu. Kimoja na kimoja ni viwili.

"Na mwingine?" aliuliza.

Mwingine hakuwako. Rubani, kijana mwenye miwani ya jua, alichungulia kwenye hema na kugonga saa yake kwa kidole.

"Viti viwili, watu watatu," Maxwel alisema. "Amueni nyinyi wenyewe, mzee, lakini mwamue sasa."

"Mimi nabaki," Ngendo alisema. "Mimi ndiye niliyewachelewesha. Nendeni nyinyi wawili."

Hezekiah alifungua mdomo kukubali, akaufunga. Aliiona ile picha. Yeye na Kagure, mwanamume na mwanamke wawili peke yao, wanashuka garini kwa Mzee Kefa wakiwa na mkungu wa ndizi na blanketi. Huko magharibi watu wana desturi zao za wajane. Kabla ya chai kuchemka, kijiji kizima kingejua kwamba mzee wa kanisa wa Mukurweini amemrithi mke wa marehemu mdogo wake na amekuja kumtambulisha. Na mkewe mwenyewe, Mama Wangui, angeyasikia Jumapili.

"Hapana," alisema. "Ngendo, twende mimi na wewe."

Kagure aliweka mkono juu ya debe la asali. Na hapo Hezekiah akajisikia mpumbavu, kwa sababu nani amewahi kusikia ruracio bila mzazi? Baba wa kijana yuko kaburini. Mama akibaki Nanyuki, ni nani anayemwoza?

Alirudi mwanzo akapanga tena. Yeye na Kagure, aibu. Yeye na Ngendo, upuzi. Kila namna aliyoipanga ilikuwa na kasoro, na namna moja tu isiyokuwa na kasoro ilikuwa ile ambayo yeye mwenyewe hayumo. Akaipanga mara ya nne, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko ambao ameshaukung'uta. Ilitoka vilevile.

"Nendeni nyinyi wanawake," alisema.

"Na maneno?" Kagure aliuliza. "Nani atasema?"

"Nitasema kwa simu."

"Kwa simu, Baba Wangui? Ruracio?"

"Sasa unataka niseme kwa nini, kwa barua? Pandeni!"

Alipowaona wakivuka nyasi, Ngendo akigombania kilemba na upepo, Kagure amekumbatia debe, alihisi kwamba amepewa talaka na watu wasiomjua. Ndege ilinguruma, ikakimbia, ikawa ndogo. Haikuchukua hata muda wa kuomba.

Maxwel alimwandikia karatasi yake, akapiga mhuri: abiria alikuwa na tiketi halali, alifika kwa wakati, alizuiwa kwa sababu viti viliuzwa kupita idadi. Kisha chakula kikaletwa kutoka mjini, kuku na chipsi, kimoja cha Hezekiah na kimoja cha Omondi. Omondi alikula chake. Baadaye akaanza kukitazama cha Hezekiah.

"Mzee, hiyo ni haki yako inapoa."

"Kula wewe. Haki yangu mimi haina mdomo leo."

Alikuwa akipitia hotuba. Miezi mitatu alikuwa ameitunga, akizunguka katikati ya mibuni yake. Ilianza na kondoo mdogo mweupe aliyepotea kutoka Mukurweini, ambaye nyayo zake zilifuatwa mto kwa mto hadi kwenye boma la watu wakarimu. Kondoo hatajwi kuwa ni msichana. Kila mtu anajua, na hakuna anayesema. Hapo ndipo ulipo ustadi wenyewe.

Saa sita na dakika tano, simu ya ofisi, ambayo Maxwel alikuwa amemwandikia Kagure namba yake, ililia. Maxwel alimpa. Sauti ya Kagure ilikuwa ya chini.

"Tumefika. Tulikuwa langoni saa sita kasoro tano. Wako hapa wote, wanatutazama. Nimeweka spika. Sema."

Hezekiah alisimama, akavua kofia, ingawa hapakuwa na mtu wa kuiona heshima hiyo ila Maxwel na Omondi.

"Wazee wangu," alianza kwa sauti ya kanisani, "sisi ni watu wa mbali. Tulikuwa na kondoo wetu mdogo, mweupe..."

"Nani huyo anaongea kutoka kwa kiganja cha mwanamke?" Ilikuwa sauti nzito, ya mtu aliyezoea kuwapanga watu mstari. Kefa.

"Ni mimi, Hezekiah Nderitu, msemaji wa..."

"Uko wapi?"

"Nanyuki. Walituuzia viti ambavyo haviko, na..."

"Sikusema?" Kefa aliwaambia watu wa kwake. Kicheko kikapita. "Sikuwaambia wako na sababu? Mara ya kwanza mlima, sasa viti. Bwana Nderitu, kaa na amani. Mimi siozi mtoto wangu kwa simu." Kisha sauti ikageuka. "Mama, wewe. Wewe ni nani kwa huyu kijana?"

Hezekiah aliishika simu kwa mikono miwili. "Kagure," alinong'ona, "mwambie kuhusu kondoo."

Alisikia kuku wa Vihiga.

"Mimi ndiye niliyemzaa," Kagure alisema. "Baba yake alikufa. Kondoo sina. Nimekuja kuomba Sylvia aolewe na mtoto wangu, kwa sababu wanapendana, na mtoto wangu hapigi mtu wala halewi. Shemeji yangu amebaki ili mimi nifike. Sijawahi kupanda ndege, na nimetapika. Hayo ndiyo maneno yangu."

Hezekiah aliketi. Ameharibu. Amelitaja jina la msichana mbele ya baba yake, mchana kweupe. Amesema habari ya kutapika. Alingoja kusikia lango likifungwa.

Kilichosikika kilikuwa kitu kingine. Mtu alicheka, au alilia. Wanaume walisema maneno ya Kiluhya, mengi kwa pamoja, mmoja akipinga. Kiti kikaanguka. Kisha vigelegele vya wanawake vikapasua sikio lake, na simu ikakatika.

Alimgeukia Omondi. "Wamekubali au wanatucheka?"

"Mzee, mimi ni Mjaluo. Ya Waluhya sijui." Omondi alifuta vidole. "Kwetu tunapiga vigelegele hata mtu akianguka vizuri."

Maxwel alijaribu kupiga, haikuita. Akajaribu tena. Dakika zikapita, na Hezekiah hakuweza kujua kama anapaswa kufurahi au kutafuta mahali pa kuficha uso. Alitembea kutoka mzani hadi mlango wa hema na kurudi. Alitaka kumkasirikia mtu, lakini hakumpata wa kumfaa. Kampuni ilikuwa Nairobi, ndani ya kompyuta. Ngendo alipasukiwa gurudumu. Na langoni, ni nani aliyesema tungoje?

Karibu saa nane simu ikalia. Safari hii alikuwa Ngendo, na nyuma yake kulikuwa na kelele za sahani.

"Mwana wa mama! Wamekubali!"

"Wamekubali nini?"

"Msichana! Blanketi imepokelewa, mama yake ameshajifunika nayo na hili joto. Yule ndugu mkubwa ya Kefa alikataa, akasema ati posa ya wanawake hajawahi kuona. Kefa mwenyewe akamwambia kaa chini, huyu mama amekuja saa sita kama askari."

"Na mambo ya ng'ombe? Mmezungumza ng'ombe?"

"Wamesema hayo si ya leo. Kefa anasema yule wa simu aje mwenyewe, na aje na huyo kondoo wake, anataka kusikia alipoteaje."

"Anasema hivyo kwa ubaya?"

"Sijui. Alikuwa anatafuna."

Simu ilipowekwa, Maxwel alikuwa amekwisha kufungua kitabu chake, kalamu mkononi. Omondi alikuwa amelala kwenye viti vitatu, kofia juu ya uso.

"Sasa mzee, nikuandikie nini? Fidia itakuja baadaye, hiyo ni yako kwa vyovyote. Lakini hii lazima uchague. Nauli yako irudi, au ndege ya Jumanne?"

Hezekiah alitazama nje, kule ndege ilikoingilia mawinguni. Siku tatu. Angeweza kurudi Mukurweini, apande kitanda chake, amwachie Kagure mambo yote, kwa kuwa ilionekana anayaweza. Hakuelewa imekuwaje aliyetapika akafaulu, wala aliyekosa kiti anaitiwa nini.

"Jumanne mmeuza tiketi ngapi?" aliuliza.

Maxwel aliangalia. "Kumi na tatu, mzee."

"Na viti?"

"Ni vilevile kumi na viwili."

"Niandike Jumanne," Hezekiah alisema, akavuta kiti cha plastiki hadi mbele kabisa ya meza, akaketi. "Na hiyo meza mnafungua saa ngapi?"